Nyota tano za uongo

  

Ndugu Waislamu, wiki hii naomba nianze kwa kukiri jambo langu mwenyewe kabla sijamnyooshea kidole mtu mwingine. Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Kila mwaka, nifikapo kwenye mada ya madhambi makubwa, huwasimulia wanafunzi wangu hadithi ya Abu Bakra (RA) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (SAW) alikuwa ameegemea, akiyataja madhambi makubwa kuliko yote. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akakaa sawasawa, akalirudia neno hilo mara nyingi mpaka Maswahaba wakatamani lau angenyamaza. Huwa naiigiza kabisa. Naegemea meza, kisha nainuka. Darasa linakuwa kimya, nami najiona nimefundisha.

Basi mwalimu huyo huyo, mwaka jana, akiwa ndani ya daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, alitoa ushahidi wa uongo kwa kidole gumba, akairudisha simu mfukoni, na kituo kilichofuata akashuka bila hata kusema astaghfirullah.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwetu ni Pande, wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi. Asiyepajua aache barabara kuu iendayo Lindi na ashike njia ya kuelekea pwani, atatukuta huko na minazi yetu, mikorosho, mashamba ya ufuta na wavuvi. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ana gesti ya vyumba vitano pale kijijini. Si hoteli. Ni nyumba ya matofali ya saruji na paa la bati, ua unaofagiliwa alfajiri na jioni, na choo cha nje kilicho safi kuliko vingi vya mjini nilivyovizoea. Wateja wake ni wanunuzi wa ufuta wakati wa msimu, walimu wapya wanaoripoti kazini kabla hawajapata nyumba ya kupanga, wauguzi wanaopita na chanjo, mafundi wa minara ya simu. Kwa vyumba hivyo vitano amesomesha watoto watatu baada ya mumewe kufariki.

Mwanawe wa mwisho anasoma chuo hapa Dar es Salaam. Ni kijana mwenye bidii, na ndiye aliyeiweka gesti ya mama yake kwenye ramani ya Google ili mgeni akitafuta malazi Pande aione. Walipita wateja wanne, kila mmoja akatoa nyota tano na maneno mawili matatu ya wema. Wastani ukawa nyota tano kamili. Kisha akatokea mtu asiyejulikana, akatoa nyota moja, akalalamika kwamba bwawa la kuogelea lilikuwa chafu.

Bwawa la kuogelea! Pande! Ni dhahiri mtu yule alikusudia hoteli nyingine kabisa, pengine hata si ya mkoa wetu. Lakini mashine haijui Pande wala haijui bwawa. Inajumlisha na kugawanya tu. Nyota ishirini za watu wanne ukiongeza moja ni ishirini na moja, gawanya kwa watano, unapata nne nukta mbili. Hoteli kubwa yenye maoni 400 na wastani wa nne na nusu ikipigwa nyota moja ya makosa kama ile, wastani wake hautikisiki hata kwa nukta moja inayoonekana kwenye simu. Shangazi yangu alishuka kutoka kileleni hadi katikati kwa pigo moja la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga ua wake.

Ndipo kijana akanitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Naomba umpe mama nyota tano, uandike chochote kizuri." Akautuma kwa marafiki zake wa chuo pia. Nami, kwa huruma ya shangazi na kwa uvivu wa kufikiri, nikaandika kwamba nililala pale siku mbili, vyumba ni safi, maji ya moto yapo muda wote, huduma nzuri. Mwisho nikaweka Mashaallah.

Ukweli ni kwamba sijapata kulala kwenye gesti ile hata usiku mmoja. Nikienda Pande nalala nyumba ya babu. Maji ya moto niliyachukua wapi? Niliyasoma kwenye maoni ya hoteli nyingine nikaona yanapendeza. Na juu ya uongo huo nikalitaja jina la Allah, kama mtu anayepiga muhuri.

Tusiseme hili ni jambo la huko Ulaya wenye hoteli nyingi. Sisi watu wa Kilwa ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kujua thamani ya neno la mgeni. Mwaka 1331 alishuka Kilwa msafiri mmoja kutoka Morocco, Ibn Battuta. Alikaa kidogo, akaondoka, na baadaye akasimulia uzuri wa mji na ukarimu wa Sultani wake, Al-Hasan bin Sulaiman. Karibu miaka mia saba imepita. Mji umekuwa magofu, UNESCO wameyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na mpaka leo kila anayeandika habari za Kilwa hurejea neno la mtu yule mmoja. Wanazuoni wamejadili baadhi ya maelezo yake, hilo ni haki yao. Lakini jina lake linajulikana, mji wake unajulikana, mwaka aliofika unajulikana, ndiyo maana anaweza kujadiliwa. Linganisha na huyo aliyeandika bwawa la kuogelea: hana jina wala kwao, ana picha ya paka tu.

Ndugu msomaji, umma huu ndio uliojenga elimu nzima ya kumchunguza msemaji kabla ya kulipokea neno lake. Wanazuoni wa hadithi waliuliza: nani kakwambia? Naye alisikia kwa nani? Walikutana lini na wapi? Ana kumbukumbu? Ni mkweli? Yahya bin Main na wenzake waliandika habari za wapokezi mmoja mmoja, wakamsifu anayestahiki na kumkosoa anayestahiki, na walikuwa wakiogopa kusifu kwa uongo kama walivyoogopa kukosoa kwa uongo. Sisi tuliorithi elimu hiyo, leo tunachagua pa kula, pa kulala, fundi wa kumpa gari na duka la kununua simu kwa neno la mtu asiye na jina, na tukiombwa, nasi tunakuwa mtu huyo asiye na jina.

Hali hii imeenea dunia nzima na ina soko lake. Mwaka 2017 kijana mmoja wa London, Oobah Butler, ambaye zamani aliwahi kulipwa pauni kumi kwa kila sifa ya uongo aliyoiandikia migahawa, aliamua kujaribu jambo. Alikuwa akiishi kwenye kibanda cha bustani huko Dulwich. Akakisajili kibanda hicho TripAdvisor kama mgahawa, akapiga picha za "vyakula" vilivyotengenezwa kwa povu la kunyolea ndevu na sponji zilizopakwa rangi, na rafiki zake wakaandika sifa. Ilipofika Novemba mwaka huo kibanda hicho kilikuwa mgahawa namba moja katika jiji lote la London, watu wakipiga simu usiku na mchana kuomba nafasi. Hakikuwa na jiko. Hakikuwa kimeuza hata sahani moja. Ndugu zangu, migahawa ya kweli iliyoamka alfajiri kuosha mchele na kukaanga vitunguu ilikuwa chini ya kibanda kile kwenye orodha.

Kuna wengine hawakufanya kwa mzaha. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, kusini mwa Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi tisa na kulipa takriban euro 8,000 za gharama na fidia mtu aliyekuwa akiwauzia wenye hoteli na migahawa sifa za kughushi. Google wenyewe walieleza kwamba katika mwaka 2023 waliondoa au kuzuia maoni zaidi ya milioni 170 yaliyokiuka taratibu zao. Serikali ya Marekani imeanza kutumia kanuni ya kupiga marufuku maoni ya kununua na ya kughushi tangu Oktoba 2024, na Uingereza nayo tangu Aprili 2025. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kosa kuchapisha taarifa za uongo kwa kompyuta kwa nia ya kudanganya au kuchafua jina la mtu. Sijui ni wangapi kati yetu tunapobonyeza nyota tunaikumbuka sheria hiyo. Mimi kwenye daladala sikuikumbuka, na sikumkumbuka Aliyeiweka sheria kabla ya hiyo.

Mwanauchumi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Luca, alichunguza migahawa ya Seattle katika utafiti alioutoa mwaka 2011. Akaona kuongezeka kwa nyota moja kwenye mtandao wa Yelp huenda sambamba na mapato kuongezeka kwa kati ya asilimia tano na tisa. Na jambo la kushika ni hili: athari hiyo aliiona kwa migahawa midogo ya watu binafsi. Yale makampuni yenye matawi na majina makubwa nyota haikuyagusa, kwa sababu mteja ameshawajua. Kwa maana nyingine, nyota hii ni mizani ya mnyonge. Tajiri hapimwi nayo, mama wa vyumba vitano ndiye anayepimwa.

Na mizani sisi watu wa Lindi tunaijua. Muulize mkulima yeyote wa korosho au ufuta kuhusu kangomba, mnunuzi anayekuja na bakuli lake akamkuta mtu ana shida ya ada ya mtoto. Muulize kuhusu mizani iliyochezewa. Tunazisoma aya za mwanzo za Suratul Mutaffifin, zinazowaonya wale wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine, tukidhani zinamhusu mwenye mizani ya chuma peke yake. Nyota ni kipimo. Mimi nilipojaza kibaba cha shangazi kwa hewa, nilimpunja mgeni aliyekuja kununua.

Kwenye minada pia tunayo hukumu yake. Mtume (SAW) amekataza najashi, yaani mtu asiye na nia ya kununua kupandisha bei au kuisifia bidhaa ili mnunuzi wa kweli aingie mtegoni. Wanazuoni wameieleza sana katika vitabu vya biashara, na wanafunzi wangu huijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini ukiwauliza kama kijana anayekusanya marafiki kumi wampe nyota tano mtu ambaye hawajawahi kununua kwake anafanya najashi, wanacheka. "Hiyo ni sapoti tu, mwalimu."

Sapoti. Hebu niwasimulie sapoti yangu ilifika wapi.

Msimu wa ufuta ulipoanza alifika Pande mzee mmoja mnunuzi, mtu mwenye maradhi ya viungo. Miezi ile usiku wa pwani una baridi yake, na daktari alikuwa amemshauri asioge maji baridi. Akiwa njiani alitafuta malazi kwenye simu, akaona gesti mbili za Pande, akachagua ya shangazi kwa sababu moja tu: maji ya moto muda wote. Alishuka baada ya Isha, amechoka, akauliza bafu la maji ya moto liko wapi.

Shangazi hakumwelewa. Hana simu ya namna hiyo na hakuwa na habari ya maneno yaliyoandikwa. Mzee akatoa simu yake akamsomea, mpaka jina la mwandishi. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Huyo ni mtoto wa kaka yangu. Hajapata kulala hapa." Akawasha kuni usiku ule, akamchemshia maji ndoo mbili, na alfajiri tena ndoo mbili.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, Allah (SW) anatuamrisha tusimame kwa uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi au jamaa wa karibu. Nimeifundisha aya hiyo kwa miaka kadhaa. Shangazi yangu, aliyeishia darasa la saba, aliitekeleza kwa maneno machache mbele ya mteja anayemhitaji.

Mzee yule kesho yake aliandika aliyoyaona. Alimsifu mama kwa ukarimu na ukweli, lakini akasema gesti inatangazwa kwa uongo na jamaa za mwenye nyumba, na akatoa nyota mbili. Hakukosea hata neno moja. Kwa hiyo mimi, niliyetaka kufuta doa la bwawa la kuogelea, nimempaka shangazi yangu doa la uongo, na safari hii doa ni la kweli.

Alinipigia simu Ijumaa baada ya swala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi wewe ulilala kwangu lini?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kueleza habari za wastani na nyota, akanikatiza. "Mwanangu, mimi sikukutuma. Mgeni nimemwambia ukweli, na wewe umwambie Mola wako."

Nikafuta yale maneno siku hiyo hiyo. Nikadhani yamekwisha.

Likizo ya Desemba nilikwenda Pande, na hapo nikajua sehemu ya pili ya kisa. Mmoja wa marafiki wa binamu yangu, katika ile harambee ya nyota, aliona ameombwa kidogo. Kwa mapenzi ya rafiki akaingia pia kwenye ile gesti ya pili ya Pande, akaipa nyota moja, akaandika neno moja tu: kunguni.

Mwenye gesti ile ni mzee tunayeswali naye safu moja. Kulikuwa na mafundi wa mnara waliokuwa wameahidi kukaa kwake wiki mbili. Msimamizi wao aliona neno lile akawahamishia kijiji kingine. Mzee hakuambiwa sababu mpaka mwanawe aliyeko Lindi mjini alipomsomea. Nilipomkuta msikitini nikampa salamu, akaniambia pasi na hasira, "Mwalimu, kunguni nimewatafuta kitanda kwa kitanda, kwa tochi, usiku. Sikumwona hata mmoja. Lakini nikatoa magodoro mawili nikayachoma hadharani ili watu waone nimesafisha."

Ndugu Waislamu, fikirini. Mtu ameunguza mali yake nzima kwa sababu ya kunguni ambao hawapo. Mtume (SAW) alipoulizwa kuhusu kusengenya alibainisha kwamba kumtaja ndugu yako kwa jambo alichukialo, nalo analo kweli, huko ndiko kusengenya, na ikiwa hanalo, basi umemzulia. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Aliyeandika kunguni hakusengenya. Alizua.

Nilimpigia kijana yule. Alicheka kwanza. "Ni nyota tu, mwalimu, haikuchukua hata dakika." Nikamkumbusha Suratun Nur, kisa cha kuzuliwa Mama Aisha (RA), pale Allah (SW) anapowakaripia walioyapokea maneno kwa ndimi zao bila ya elimu wakidhani ni jambo jepesi ilhali mbele Yake ni kubwa. Aliponyamaza nikamweleza habari ya magodoro. Hakucheka tena. Alifuta neno lake, na yeye na binamu yangu wakachangishana wakanunua magodoro mawili, nikayapeleka mimi.

Mzee aliyapokea, akaomba dua, kisha akauliza, "Haya ya magodoro tumemaliza. Sasa nani atamwambia yule fundi wa mnara?"

Hapo ndipo penye uzito wa dhambi hii. Anayemuibia mtu kuku anaweza kurudisha kuku. Anayeandika jambo likasomwa na watu asiowajua, atawafuata wapi? Niliitafuta namba ya msimamizi wa mafundi, nikampigia na kumweleza. Alinishukuru vizuri, akasema kazi yao ilishaisha.

Wapo watakaosema, basi bora tunyamaze kabisa, tusiandike wala kusoma maoni ya wateja. La, sikubaliani nao. Fatima bint Qays (RA) alipomwendea Mtume (SAW) kutaka ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume hakumwambia wote ni watu wema. Alimweleza aibu ya kila mmoja inayohusu ndoa, kwamba huyu ni mkali wa fimbo na yule hana mali, akamwelekeza kwa Usama (RA). Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin amelitaja jambo la kunasihi na kutahadharisha miongoni mwa hali sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ila yake. Mwenye duka anayeuza unga uliooza, au fundi anayebadilisha kifaa kizima kwa kibovu, mteja aliyetendewa hivyo akisema ukweli anawasaidia wengine. Mtume (SAW) mwenyewe alitia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kuna unyevu, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Alitia mkono kwanza. Hakusikia uvumi.

Ni kweli pia kwamba baadhi ya wateja wanageuza nyota kuwa fimbo. Chai imechelewa dakika tano, nyota moja. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga na magari yakalala njiani, kama kungekuwa na nafasi ya kuipa mvua nyota, wapo ambao wangemtoza mwenye gesti. Mtume (SAW) hakuwa akikitia chakula ila, akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Kati ya kutahadharisha watu na dhulma, na kumwaga hasira za njaa, pana umbali mkubwa.

Nimelirudia sana moyoni lile tukio la Sayyidna Umar (RA). Imepokewa kwamba mtu mmoja alisimama kumtolea mwenzake ushahidi kuwa ni mwadilifu. Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake, unaujua usiku wake na mchana wake? Akasema hapana. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Umar akamwambia kwamba basi hamjui. Maswali matatu tu. Mimi kwenye daladala lile ningeshindwa hata moja: sikulala, sikulipa, sikuwa njiani kwenda.

Siku ya mwisho ya likizo nilimwomba shangazi chumba kimoja kwa usiku mmoja, kwa bei ya kila mteja. Alicheka akasema, "Na nyumba ya babu yako je?" Nikamwambia safari hii ni mteja. Akapokea pesa, akaandika jina langu kwenye daftari la wageni, akanipa ufunguo wenye kipande cha mti.

Asubuhi nikakaa barazani na simu yangu. Nikaandika kwamba mimi ni mtoto wa kaka wa mwenye gesti, msomaji alijue hilo kwanza. Kwamba niliwahi kuandika hapa maneno ya uongo nikayafuta. Kwamba chumba ni safi, chandarua hakina tundu, adhana ya alfajiri inasikika vizuri sana kwa anayependa na kwa asiyependa. Kwamba maji ya moto ni ya ndoo, yanachemshwa kwa kuni, uagize mapema. Nyota sikuweka, kwa kuwa mkono wa jamaa hauaminiki kwenye mizani. Nikaona mtandao haukubali maneno bila nyota. Nikaiacha simu pembeni.

Shangazi alikuja na chai na vitumbua. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea yote, neno kwa neno, akisikiliza huku akipepea mkaa.

"Umeandika habari ya mlango wa chumba cha tatu?" akauliza. "Haufungi vizuri."